Kebo Iliyochomolewa Mchana Kweupe

Saa nne asubuhi, foleni ya maabara imefika mlangoni. Fundi wa mtandao amechuchumaa nyuma ya seva, kompyuta kuu ya hospitali, kebo mkononi, simu sikioni. Upande wa pili yuko muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, ghorofa ya tatu.

"Haya, chomoa basi tuone," muuguzi anasema. "Ikigoma tu, narudi kwenye makaratasi yangu. Usinilaumu."

"Nimeshachomoa, dada. Tangu ulipokuwa unafungua majibu ya yule mtoto wa kitanda cha sita."

Muuguzi anaangua kicheko.

Fundi huyu, mama wa watoto wawili, hafichi kwamba roho ilikuwa mkononi. Mwaka jana aliifungia seva hiyo kebo mbili, ili moja ikikatika nyingine ipokee kazi papo hapo. Akajipongeza, akaenda zake. Alisahau jambo moja: kuweka kitu cha kumwambia kwamba moja imekatika.

Ya kwanza ikafa kimya kimya. Kwa siku kumi na tisa hospitali ilitegemea kebo moja na hakuna aliyejua. Siku ya ishirini, kebo ya pili nayo ikafa, majibu ya damu yakakwama maabara.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema.

Aliyeokoa jahazi ni tarishi wa maabara, mzee wa miaka hamsini na tisa mwenye magoti mabovu, ambaye wenzake humwita Baba Ngazi. Kwa saa tatu alipanda na kushuka na majibu yaliyoandikwa kwa mkono, safari arobaini na moja. Hakuna mgonjwa aliyekosa dawa. Jioni magoti yalivimba, lakini hakumnyooshea mtu kidole.

"Aliniuliza tu, 'Mwanangu, umekula?'" fundi anasimulia, machozi yakimlengalenga. "Namshukuru kila siku. Mwenyewe anasema namchosha."

Sasa programu ndogo inazikagua kebo zote mbili kila sekunde. Moja ikikatika, ujumbe unaingia kwenye simu ya fundi, na kwenye ya Baba Ngazi pia, kwa ombi lake mwenyewe.

"Nijue mapema kama ninyooshe miguu," anatania mzee.

Baba Ngazi anastaafu baada ya miezi saba. Kabla ya hapo, fundi anataka kufunga kebo ya pili na kengele yake kwenye seva ya dirisha la dawa, ambayo bado inategemea moja.

"Nataka aage hapa bila kupanda tena ngazi kwa kosa langu," anasema, akirudisha kebo mahali pake.

Anapotoka, anamkuta mzee kwenye benchi la maabara, kikombe cha chai mkononi. Ujumbe uko kwenye simu yake: *Kebo ya kwanza imekatika. Ya pili imepokea.*

"Umeusoma, baba?"

"Nimeusoma." Mzee anakunja nne taratibu. "Nikaongeza sukari."