Mzizi, Jiwe, Gogo

Mvua ikinyesha asubuhi ya siku ya mapumziko, watu wengi hufunua pazia kidogo, huiangalia, kisha hujivutia blanketi hadi masikioni. Dobi naye hufunua pazia, ila yeye huangalia kama imenyesha ya kutosha.

"Ya kutosha nini?" mumewe huuliza kutoka kitandani, ingawa jibu analijua.

"Ya kutosha tope."

"Unajitafutia wateja," mumewe humwambia, na kugeukia ukutani. Ni fundi redio, mtu wa maneno machache, na hayo machache huyachagua.

Utani wenyewe una haki yake. Chumba cha kufulia cha Dobi kina dirisha moja, pasi mbili, meza iliyotandikwa blanketi lenye alama ya pasi iliyosahaulika, na kamba zinazovuka kutoka ukuta hadi ukuta, hata mteja akiingia hulazimika kuinama kama anayeomba radhi. Wiki nzima mwanamke huyu huondoa madoa ya watu: wino, mafuta, chai, na msimu wa mvua ukifika, tope. Tope analijua kwa tabia zake. Jeusi halina ubishi, hutoka kwa maji na sabuni. Jekundu ukilimwagia maji lingali bichi, umelikaribisha ndani likae. Hilo huachwa likauke kabisa, likapukutwa kwa brashi, ndipo nguo ikalowekwa. Na mtu huyohuyo, siku yake moja ya kupumzika, huvaa viatu vya kukimbilia, huelekea msituni, na hurudi ana tope mpaka kwenye kope.

Aliyemtia katika mambo haya ni wifi yake, dada wa fundi redio. Kazi ya wifi huyo ni ususi. Kutwa husimama nyuma ya vichwa vya watu, vidole vikienda na mdomo ukienda. Alifika mlangoni asubuhi moja, miaka mingi iliyopita, ameshika jozi ya viatu vikuukuu kama mtu aliyekamata kuku kwa miguu. Wakati huo Dobi alikuwa amejifungua mtoto wa mwisho, na ngazi za nyumbani tu zilikuwa zikimtoa jasho.

"Vaa," Msusi alisema.

"Niende wapi?"

"Msituni. Kaka yangu alioa mke, sasa naona amebaki na gunia."

"Gunia hilo ndilo linalompikia kaka yako."

"Basi tulitikise kidogo, lisije likaota."

Jina likakaa. Gunia asubuhi, Gunia jioni, Gunia mbele ya wateja. Dobi alilizoea hata akawa analiitikia.

Vijia vya msitu ule ni vyembamba, vinapanda na kushuka vilima kama uzi uliotupwa ovyo sakafuni. Wawili hawapiti sambamba. Kwa hiyo walijiwekea utaratibu: asiye na mbio hukaa mbele, asije akaachwa, na mwenye mbio hukaa nyuma na kujizuia. Wa mbele huona njia, wa nyuma huona mgongo. Basi wa mbele hutaja kilichopo, na wa nyuma hukirudia, ili wa mbele ajue neno limefika.

"Mzizi."

"Mzizi."

"Jiwe."

"Jiwe."

Ukiwasikia kutoka mbali ungedhani kuna watu wanasali. Lakini walikuwa mawifi, na mawifi wasipotaniana watu huanza kuuliza kuna nini. Haukupita muda utaratibu ukaanza kuchezewa.

"Faru," Dobi angetaja, anahema.

"Faru," Msusi angeitika bila kupunguza mwendo.

"Mama mkwe."

"Huyo ni mama yangu. Nitamfikishia."

Walicheka hivyo misimu mingi, mpaka mvua za mwaka jana. Siku hiyo walikuwa wakishuka mteremko walioupa jina la Sabuni, kwa sababu mvua ikinyesha hakuna mguu unaokubali kukaa pale ulipowekwa. Chini yake kuna kijito, na juu ya kijito gogo la kuvukia. Dobi alikuwa ameshataja faru, mamba, na mgeni wa ghafla. Alipofika kijitoni aliona gogo limepasuka katikati. Akaruka maji, na angali hewani akapaza sauti, "Gogo limevunjika."

"Gogo limevunjika," Msusi akaitika, akicheka, akalikanyaga.

Kifundo cha mguu kiliteguka na mfupa mmoja ukavunjika. Dobi alimbeba mgongoni hadi barabarani, akipumzika kila penye shina la kuegemea. Hospitalini, mguu ukiwa umeshafungwa plasta, Msusi aliangalia dari.

"Uliniambia, wifi," alisema. "Sikatai. Lakini uliniambia kwa sauti ileile ya faru."



Mfupa ukaunga. Msusi akarudi kusimama nyuma ya vichwa vya watu. Hawakugombana hata siku moja, na hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Dobi akipita kwenye chumba cha ususi alipokewa vizuri mno. Karibu, wifi. Kaa, wifi. Watoto hawajambo? Gunia halikutajwa tena. Adabu ile ilimkaa Dobi kooni kama mwiba wa samaki. Mwanzoni alijiambia aliache jambo likauke kwanza, kama tope jekundu, kisha atalipukuta. Jambo likakauka kweli. Likawa gumu, na brashi hakuiona.

Hakuacha kukimbia. Ila siku ya kwanza alipokwenda peke yake, alipofika penye kona ya kwanza kinywa chake kikasema, "Mzizi." Msitu ukanyamaza. Alijicheka, akaendelea, na hatua chache mbele kikasema tena, "Jiwe." Tangu siku hiyo hakuweza kukizuia. Alikuwa akikimbia akiutajia msitu vitu vyake, na baada ya kila neno alisubiri kidogo, bila kutaka kusubiri.

Asubuhi tunayoizungumzia, mvua ilianza kabla ya mapambazuko na haikuwa na dalili ya kuchoka. Fundi redio alikuwa mezani, amefungua redio ya mtu, amevaa miwani.

"Dada anauliza kama na mvua hii utakwenda," alisema.

Dobi alisimama, kiatu kimoja mguuni. "Kwa nini anauliza?"

"Hakunieleza."

"Mwambie mvua haijawahi kunizuia."

Mumewe akavua miwani. "Mwaka mzima sasa. Mwambie wifi hivi, mwulize wifi vile. Mimi natengeneza redio, mke wangu. Mimi si redio."

Dobi alitembea hadi ukingoni mwa msitu huku moyo ukimwenda mbio kabla ya miguu. Chini ya paa dogo la kibanda cha walinzi wa msitu alimkuta wifi yake, amevaa koti la mvua, na viatu visivyo na hata tone la tope.

"Ni kutembea tu," Msusi alisema kabla hajaulizwa. "Sikuja kukimbia."

"Tutatembea."

"Na usinihurumie."

"Sijakuhurumia. Nimelowa tu."

Wakaingia, Dobi mbele. Mwinuko wa kwanza waliupanda kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Maji yalikuwa yakiteremka katikati ya njia, yakichukua majani na vijiti. Dobi alisikiliza viatu nyuma yake, chubwi, chubwi, na kila viliponyamaza yeye naye alisimama.

"Mzizi," alisema.

Hakujibiwa.

"Jiwe. Jiwe jingine. Shimo dogo. Tope."

Akazidisha. Alitaja kila alichokiona: kijiti, ua, maji yanayopita, konokono. Hakutaka kitu chochote katika msitu ule kimfikie wifi yake bila kutangazwa.

"Jani," alisema.

"Wifi," sauti ya nyuma ikasema, "nina macho. Hilo ni jani."

"Nilitaka ujue."

"Nimejua. Sasa kimbia kidogo, baridi inaniingia."

Wakakimbia, polepole, mwinuko wa pili na wa tatu. Pumzi zao zikatoka kama mvuke wa pasi. Mahali fulani Dobi alisikia viatu vya nyuma vikipata mdundo wake wa zamani, ule wa mtu mwenye mbio anayejizuia, na akakaza macho kwenye njia asije akageuka na kuuharibu.

Kisha wakafika kileleni mwa Sabuni, na mdundo ukakatika.

Mteremko ulikuwa unang'aa mwekundu kutoka juu hadi chini. Msusi alisimama, mkono mmoja kwenye shina la mti, akiangalia mguu wake kama wa mtu mwingine.

"Hapa basi," alisema. "Nilitaka nione kama nitafika hapa. Nimefika. Turudi."

Dobi alijua kwamba wakirudi sasa hakutakuwa na siku nyingine. Watarudi kwenye karibu wifi na kaa wifi, wazeeke nazo.

"Wifi," alisema, "kuanzia leo sitaji kisichokuwepo. Faru hakuna. Mamba hakuna. Nakuapia."

Msusi alifuta maji usoni. "Umeacha faru?"

"Nimeacha."

"Utachosha kama hakimu." Mvua ikagonga koti lake. "Mimi faru hajanikosea. Nilipokuwa nimelala pale chini nilijua kabisa ni mimi niliyeshindwa kukuamini, na hasira ilikuwa ya hilo. Nikaona nikikutania utacheka, na ukicheka nitalia. Nikakaa na adabu zangu."

"Adabu zako nusura ziniue."

"Nilikuwa naona." Akaachia mti. "Haya, tangulia. Nitajie kilichopo. Faru tutamrudisha tukishavuka."

Dobi akatangulia. Alishuka upande upande, akichimba visigino, akijishikilia kwenye vichaka.

"Mzizi, kulia."

Kimya cha pumzi moja. Kisha, "Mzizi."

Dobi alishuka hatua nyingine. "Jiwe, linacheza."

"Jiwe, linacheza."

"Utelezi mpaka kwenye mti."

"Utelezi mpaka kwenye mti. Ee, naona."

Neno likawa linakwenda na kurudi, linakwenda na kurudi, na kila liliporudi lilikuwa karibu zaidi. Chini, kijito kilikuwa kimejaa, rangi ya chai ya maziwa. Walinzi wa msitu walikuwa wameweka gogo jipya, nene, limechongwa kwa juu. Dobi alilipanda, akasimama katikati.

"Gogo," alisema.

Msusi alikuwa amesimama ukingoni. Hakuitika.

Dobi akageuka kumtazama. Akarukaruka papo hapo, kwa uzito wake wote, mara moja, kisha tena. Gogo halikutikisika. "Gogo zima. Niko juu yake, na unajua nilivyo mzito."

"Gogo zima," Msusi akasema, kwa sauti ndogo, akapiga moyo konde na kukanyaga.

Dobi alirudi kinyumenyume ili asimwondolee macho. Hatua moja, na nyingine. Alikuwa akimwangalia mwenzake mguu kwa mguu, akimnyooshea mikono kama mama wa mtoto anayejifunza kutembea, na katika kumlinda hivyo alisahau kwamba gogo lina mwisho na ukingo una tope. Miguu yote miwili ikamtoka kwa pamoja. Aliketi kwa kishindo, akateleza, akaishia chini kabisa kwenye dimbwi jekundu lililomfika kiunoni.

Mvua ikaendelea. Juu ya gogo, Msusi aliibana midomo. Mabega yakaanza kumtikisika. Akavuta pumzi, akainua kichwa, akatangaza kwa sauti ya utaratibu, kama kuna msafara mrefu nyuma yake unaopaswa kuonywa:

"Gunia."

Dobi alibaki amekaa palepale, tope jekundu likimwingia kila lilipopenda. Alikuwa mbele, na wa mbele huwa haitiki. Lakini leo aliitika, kwa nguvu, neno lifike na lijulikane kuwa limefika.

"Gunia."