Bibi Alivyoshona Paa la Gari

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye garaje moja kule Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, nasubiri gari ya mume wangu, nikaona vijana wawili wanafungua boksi refu. Ndani mlikuwa na paa la turubai, limeshonwa tayari kiwandani, la gari ya zamani iliyokuwa inafufuliwa pale. Kabla sijamaliza fanta yangu walikuwa wameshalifunga. Nilicheka peke yangu, ndugu yangu, mpaka wakanigeukia. Kwetu Buyenzi, paa kama lile lilichukua wiki tatu, na watu nusu ya mtaa.

Nilikuwa na miaka kumi. Jirani yetu, fundi magari, alikuwa na gari ndefu ya Kifaransa, aina ile ambayo paa lake hukunjwa nyuma kama mwavuli. Aliikuta imetupwa kwenye banda la kahawa, kuku wanataga juu ya viti. Kwa miaka mingi aliigonga, akaichomelea, akaipaka rangi. Jumapili asubuhi nyundo yake ndiyo ilikuwa saa yetu ya kuamkia. Mwishowe ikang'aa, nyeupe kama maziwa. Lakini juu ilibaki wazi. Turubai la zamani lilikuwa limeoza, linaning'inia vipande vipande kwenye vyuma vyake. Na jirani alikuwa ameahidi kwamba shangazi yangu ataolewa akiwa ndani ya gari ile, na nikahi iliangukia katikati ya msimu wa mvua.

Fundi wa viti vya magari wa mtaa wa Asiatique alimwambia paa la namna hiyo haliwezekani hapa, mpaka liagizwe Ulaya. Jirani akaja kukaa barazani kwetu, kikombe cha chai ya tangawizi kinapoa mkononi. Bibi yangu alikuwa anashona sare za shule chini ya turubai la kijani lililokuwa likimkinga jua. Hakuinua macho.

"Mwanangu, hiyo gari inavaa nini?"

"Turubai, mama. Lakini ni kazi ya watu wa magari."

"Turubai ni kitambaa. Mi nashona kitambaa tangu we hujazaliwa. Lete."

Basi likaletwa lile paa bovu, na bibi akanipa wembe nifumue mshono mmoja mmoja. Vumbi lake lilinuka kuku na petroli. Kila kipande tulikitandaza juu ya turubai jipya la rangi ya kahawa, mimi nikakizungushia chaki. Kipande cha mbele pekee kilikuwa kimeoza kabisa, hakina umbo. Hapo ilibidi kupima kwenye gari yenyewe. Bibi alishika ncha moja ya futi kule nyuma, mimi nikashika nyingine juu ya kioo cha mbele, nikamsomea namba kwa sauti ya mtu anayejua kazi.

Cherehani ilivunja sindano nne ikagoma. Bibi akahamia sindano ya magunia. Alivuta uzi kwenye nta, akasukuma sindano kwa kiganja alichokifunga kitambaa, na alipochoka alinipa mimi mishono iliyonyooka. Vidole vyangu vilivimba, na sijawahi kujivuna kama siku zile.

Siku ya kulivalisha, paa lilipanda vizuri nyuma, likalala vizuri pembeni, likafika mbele, likasimama. Vidole vinne vilipungua. Jirani alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mimi nilijua papo hapo: siku ile ya kupima sikushika futi kwenye ndoano ya kufungia paa, nilishika kwenye mpira wa kioo. Zilibaki siku mbili, na turubai lilikuwa limekwisha.

"Nilikosea kupima," bibi alisema. "Ni mimi."

Akanigeukia, akanipa futi, akasema polepole, "Pima tena, mama." Nikapima mara tatu, machozi yananitoka, naye akangoja mpaka nimalize.

Kisha akaenda barazani, akakata kamba, akalishusha turubai lake la kijani.

"Mama, rangi itaonekana," jirani alisema.

"Iache ionekane. Bibi harusi atafunga kilemba, na gari ifunge."

Kesho yake mkanda wa kijani ulikuwa mahali pake, umekazwa kwenye ndoano. Bibi akaita wanawake wa mtaa waje na ndoo. Yeye mwenyewe aliingia ndani ya gari na sahani ya sambusa, akafunga milango, akapiga kelele, "Mwageni!" Ndoo ya kwanza, ya tano, ya kumi. Wanawake walilowana mpaka viunoni, wanapiga vigelegele, na kila tulipochungulia tulimwona anatafuna. Tone moja tu lilimwangukia puani. Akalitafuta lilikotoka, akaweka alama ya chaki, akapashona.

Siku ya nikahi jua liliwaka, nadhani bibi peke yake ndiye aliyesikitika. Shangazi aliomba paa likunjwe watu wamwone. "Apana," bibi alisema, na bibi harusi akatoka Buyenzi huku jasho linamtiririka kwenye wanja. Mvua ilitukuta Kajaga, kwenye sherehe ya upande wa bwana harusi, samaki za mukeke ziko bado juu ya moto. Watu wakakimbia huku na huku. Sisi tulijipakia kwenye gari, tisa kama sikosei, na mimi nikiwa magotini kwa bibi. Mvua ilipiga turubai mpaka hatukusikizana.

"Pakavu," bibi alinipigia kelele sikioni. "Umesikia, fundi wangu? Pakavu!"

Hakuwahi kuniita hivyo kabla.

Nilipotoka garaje nilimpigia simu jirani. Anaishi Uvira sasa, gari aliiuza zamani. Mtaa wetu umejaa kuta ndefu na mageti, nilimwambia, ukitaka kumwona mtu unabonyeza kengele. Akaanza kuwataja wanawake wa ndoo mmoja mmoja, na mimi namjibu: yule yuko Kigoma, yule alifariki, yule hata sijui. Tulipofika kwa bibi, Mungu amrehemu, akapiga kelele kwenye simu, "Mwageni!" Halafu nikasikia mzee wa watu anacheka, kicheko kirefu cha tumboni, nikacheka naye mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini.