Askari wa Mlimau wa Haboba

Nakumbuka siku niliyoshika panga kwa sababu ya nepi. Usicheke bado, mwanangu. Ungekuwa wewe umesugua rundo la nepi asubuhi mpaka vidole vikachubuka, ukazianika nyeupe, kisha mchana unazianua zinanatana kama zimepakwa asali, zimejaa vidoa vyeusi, ungeshika panga pia. Ilikuwa imekwenda hivyo wiki kadhaa. Nekesa, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa bado hajajua kukaa, na matako yake yalikuwa yamewiva kwa vipele, kwa sababu kila nepi nilikuwa naifua mara mbili kwa sabuni ya kipande, ile kali, na haikupata muda wa kukauka vizuri.

Ilikuwa miaka ya sabini, Kibera, upande wa Makina. Tulikuwa wapangaji wa bibi mmoja Mnubi tuliyemwita Haboba, maana kwao ndivyo bibi anavyoitwa. Ploti yake ilikuwa na vyumba vichache vilivyozunguka ua, na katikati ya ua mlimau. Kamba ya nguo ilifungwa kutoka kwenye mlimau hadi nguzo ya paa. Pengine pa kuanika hapakuwapo: huku moshi wa majiko, kule mbuzi wa Haboba, ambao walikula hata soksi.

Basi nikatoka na panga, nikaenda moja kwa moja kwenye tawi lililokuwa juu ya kamba. Jirani yangu Mama Atieno alikuwa mlangoni pake akichambua omena, vile visamaki vya ziwani.

"Mama Nekesa, unaenda kuchinja nani?"

"Huu mti."

"Ngoja basi nimalize hii omena. Sitaki kuitwa shahidi mikono ikinuka."

Haboba mwenyewe alikuwa kibarazani, amejifunga gurbaba yake, ile nguo ya kina mama wa Kinubi, anasuka kawa la kufunikia chakula. Hakuinuka.

"Binti yangu, kwa hii ploti hakuna mtu anakata kitu kabla hajashtaki."

Hapo lazima nikueleze. Kila Jumapili alasiri Haboba alipika kahawa ya tangawizi, wapangaji wote wakaketi mkekani, na mwenye lalamiko akalisema pale, kikombe mkononi. Kesi za maji machafu, kesi za redio, kesi ya baba fulani aliyerudi kila mwisho wa mwezi akiimba. Sharti lilikuwa moja: umtaje mshtakiwa kwa jina, awe ameketi hapo, na aweze kujibu. Akishindwa, sukari ya kahawa inatoka kwake. Ukitaja asiyehusika, sukari inatoka kwako, na utachekwa mpaka Jumapili nyingine.

"Nashtaki mlimau," nikasema.

"Mlimau hauna mdomo. Umemtafuta mwenye mdomo?"

Akanikaripia polepole, vidole vikiendelea kusuka. "Wewe umesoma mpaka fomu foo. Umeangalia kamba, umeangalia nepi, umeangalia panga. Juu hujaangalia. Weka hiyo kitu chini, uje Jumapili na jina."

Nililiweka panga chini. Hasira sikuiweka. Nikageuza ndoo ya kufulia, nikapanda juu yake, nikavuta tawi lile lile nililotaka kukata, nikageuza jani.

Mwanangu, chini ya jani palikuwa na mji. Vidude vya rangi ya kahawia, bapa, laini, vimejipanga kando ya mshipa wa jani kama vigaga vya kidonda. Nilidhani ni ugonjwa wa mti. Nikakwangua kimoja kwa ukucha, kikapasuka maji. Kilikuwa mdudu hai, asiyetembea, amechomeka mdomo wake kwenye jani ananyonya utomvu. Vitawi vilivyokuwa karibu vilijaa wenzake, na majani yote ya chini yao yalikuwa na ukungu mweusi kama masizi ya sufuria. Nikiwa bado nashangaa, tone likaniangukia mkononi. Nililiramba, ndiyo, niliramba. Lilikuwa tamu.

Basi hao ndio waliokuwa wakikojolea nepi za mtoto wangu. Wananyonya kuliko wanavyohitaji, kinachobaki wanakiachia kidondoke, na vumbi na masizi ya majiko yanakuja kunata hapo.

Lakini hawakuwa peke yao. Sisimizi walipanda shina kwa foleni kama watu wa zamu ya asubuhi wanaoenda kiwandani. Kila mmoja alifika kwa mdudu wake, akampapasa mgongo kwa vipembe vyake, akangoja, tone likatoka, akalinywa. Halafu nikaona jambo lililonimaliza. Kidudu chekundu chenye madoa meusi kilitua, kikaanza kumla mmoja wa wale wanyonyaji. Sisimizi wakakivamia, wakakiuma miguu mpaka kikaruka kikaenda zake. Niliteremka kwenye ndoo nikicheka peke yangu. Nilikuwa na majina mawili.

Jina la tatu nililipata Jumamosi asubuhi, na hilo sikulicheka. Haboba alikuja na kikombe cha chai iliyolala, tamu kama uji wa sherehe, akaimwaga taratibu kwenye shina.

"Hawa ni askari wangu," akaniambia kwa fahari. "Tangu nianze kuwapa sukari, hakuna mwizi wa limau anapanda huu mti. Wanamuuma mpaka kwapani."

Nikasema, "Ni vizuri, Haboba." Mimi, ambaye kunyamaza sikuzaliwa nako.

Unajua kwa nini? Kabla ya hapo tulikaa Kawangware. Kule niliwahi kumwambia mwenye ploti, mbele ya watu, kwamba choo chake kimejaa. Kabla ya giza vitu vyetu vilikuwa nje, nami tumbo limefika hapa. Kwa hiyo nilipomweleza mume wangu niliyoyaona, alishika kichwa. "Mama Nekesa, tukitolewa na hapa, tunaenda wapi? Ndani ya maji ya dam?"

Mama Atieno naye akanishauri tukiwa kwenye sahani ya omena. "Sema ni wadudu, inatosha. Wadudu hawana ufunguo wa nyumba."

Usiku ule Nekesa alilia kila nilipombadilisha. Vipele vya matako yake vilikuwa vikivuja maji. Nikamwangalia, nikajua kwamba nikitaja wadudu na sisimizi peke yao, Jumatatu chai itamwagwa tena kwenye shina, na Jumanne nepi zitanata.

Jumapili tuliketi. Haboba akamimina kahawa, akaanzia kwangu. "Haya, binti yangu. Umekuja na nani?"

Nikasimama, Nekesa mgongoni, nepi moja iliyonata mkononi.

"Nashtaki watatu. Wa kwanza ni wadudu wenye gamba laini walio chini ya majani haya. Wananyonya mlimau wetu na kuchafua nepi za mtoto. Wa pili ni sisimizi, ambao hawalindi limau hata kidogo. Wanawalinda wale wanyonyaji, kwa sababu wanalipwa utamu. Wa tatu yuko hapa, ana mdomo, ndiye ametumiminia kahawa. Haboba, unawapa chai askari wanaolinda mwizi ndani ya nyumba yako. Naomba uache, na naomba usitufukuze."

Mume wangu alikuwa anaangalia viatu vyake. Haboba aliinuka, akaenda kwenye mlimau, akageuza jani, akakwangua kwa ukucha, akanusa kidole. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

"Miaka yote hii," akasema akijifuta machozi ya kicheko, "mimi ndiye nawapa mshahara." Akaingia ndani, akatoka na kopo zima. "Leo sukari ya askari mtakunywa nyinyi."

Tuliinywa mpaka meno yakauma. Wiki hiyo alichana gurbaba yake kuukuu, akaipaka grisi, akaifunga kwenye shina sisimizi wasipande. Maji ya sabuni ya nepi tukawa tunayarushia majani badala ya mtaro, Mama Atieno akilenga vizuri kuliko sote. Wale wekundu wenye madoa wakarudi na jamaa zao, wakala wanyonyaji, na nepi zikaacha kunata. Nekesa alijifunza kutembea akishika shina lile.

Basi mwanangu, ukiwa na hasira, kaa nayo, ni yako. Lakini panda ndoo kwanza, geuza jani, umjue anayekudhuru na anayemlisha. Ukishamjua, mtaje akiwa ameketi mbele yako, hata kama ndiye mwenye ufunguo, na umtaje kwa namna ambayo kesho mnaweza kunywa kahawa tena. Mungu akupe mdomo usioogopa, akupe na mwenye ploti anayejua kujicheka. Na nguo za watoto wako zikauke nyeupe.