Chaki ya Fundi Kiango

Walisema mtoto wa wafugaji wa Handeni hataweza umeme. Leo nina diploma yake, na mwezi uliopita nilisimama tena mlangoni pa duka la fundi umeme Kiango, Korogwe.

Utotoni, mchana wa siku ya mnada, duka lile lilinuka risasi iliyoyeyushwa ya kuungia nyaya. Nilimwambia nataka kuwa fundi. Akanipa chaki. "Volti kumi na mbili, ampea mbili. Ukinzani?"

Nyumbani tulizidisha ng'ombe kwa vibuyu vya maziwa, nikadhani na umeme huzidishwa tu. Nikaandika 24 mlangoni.

"Mchunga ng'ombe, hizo ni wati. Kupata ukinzani unagawanya, ni sita." Aliiacha ile 24 pale hadi jioni, wateja wakisoma na kucheka.

Safari hii waya wa jiko lake la umeme ulikuwa umeungua, akaomba msaada wangu.

"Shikamoo mzee," nilisema, nikampa chaki. "Volti mia mbili thelathini, ampea kumi. Wati ngapi?"

Kwa mazoea ya swali lake lile la zamani, akagawanya. Akaandika 23 mlangoni.

"Huo ni ukinzani, mzee. Wati ni elfu mbili na mia tatu, ndiyo maana waya wako mwembamba umeungua."

Nilimfungia waya mnene. Alipochukua kitambaa afute ile 23, nilimzuia mkono. Ilikuwa siku ya mnada.