Kitabu Kilichoazimwa Miaka Kumi na Tisa

Katika ghala la dawa la hospitali kuu, aliyejua kuzungumza na kompyuta alikuwa mmoja tu, na wenzake walimwita Mama Skrini. Kompyuta yenyewe ilikuwa imeingiwa na wazimu. Kila dawa ambayo muda wake ungeisha baada ya mwaka 2029, iliitangaza kuwa imeshaharibika. Paketi mpya, bado zinanukia kiwanda, zilihesabiwa maiti.

"Ijumaa," mkurugenzi alimwambia. "Isipopona tunanunua mfumo mwingine, na wewe unarudi kubeba maboksi."

Mgongo wa Mama Skrini uliyajua maboksi hayo vizuri. Tabu ni kwamba programu iliandikwa kwa Smalltalk, lugha ya kompyuta ambayo wanafunzi wengi waliisikia chuoni siku moja, wakasinzia. Mtandaoni aliambulia vipande vya maelezo visivyopatana na toleo lake la zamani. Muuza vitabu alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Dada, vitabu vya Java ninavyo vya kujengea ukuta. Hiyo lugha yako hata mende wangu hawajawahi kuionja."

Akaenda maktaba. Mkutubi alikuwa na sheria asiyoivunja: kitabu kisichoazimwa miaka mitano kinatupwa. Rafu ya kompyuta ilibaki kama kinywa cha kikongwe. Lakini kwenye orodha, cha Smalltalk kilikuwepo.

"Hiki kinapendwa mno," mkutubi akasema kwa fahari. "Kiko nje miaka kumi na tisa mfululizo."

"Kwa watu wangapi?"

"Mmoja. Ila anakipenda kweli."

Jina kwenye kadi lilikuwa la mzee aliyeitunga programu ile, sasa mstaafu. Mama Skrini alimkuta sebuleni kwake, kavaa fulana, anakata kucha.

"Nilikificha makusudi," mzee alikiri bila haya. "Kitabu kimoja mji mzima. Angekisoma mwingine, wangenistaafisha mapema."

"Na mimi je, mzee wangu? Ijumaa kazi yangu inakwenda."

Mkewe akadakia kutoka jikoni, "Mpe mtoto wa watu kitabu. Unakipangusa vumbi miaka yote, machozi yangu hujawahi kuyapangusa."

Mzee akakubali, kwa sharti kisitoke nje ya nyumba. Mama Skrini alishinda pale siku mbili akisoma, huku akilishwa na mke na kusimangwa na mume. Kwenye ukurasa wa tarehe, pembeni, akakuta mwandiko wa penseli: *Ghalani nimeweka mwisho 2029. Nitakuwa nimeshakufa.*

Akakigeuza kitabu, akamwonyesha mwenyewe. Mzee alisoma, akakohoa.

"Hesabu zilinikataa," akasema. "Sikufa."

Alhamisi Mama Skrini alifuta mstari mmoja, akaandika mwingine, na dawa zikafufuka rafu kwa rafu. Mkurugenzi alimpongeza, kisha akamwomba aandike maelezo ya kazi ile, ili na wenzake waijue.

Alisema ataandika. Mpaka leo hajaandika.