Hatua Nane za Simba wa Kerege

Shule niliiacha kidato cha pili, na mpaka leo sijui nani alimkimbia mwenzie. Lakini kwenye zuu ndogo pale Kerege, nilikolisha simba mmoja tangu aletwe mchanga ndani ya tenga mpaka akazeeka, watu waliniita mtaalamu, nami sikuwabishia.

Mwenye zuu, gharama zilipomshinda, akaamua wanyama wahamie kwenye kompyuta. Mtoto wa shule anavaa miwani kubwa nyeusi, anamwona simba mbele yake, hakuna banda wala harufu. Nilifurahi kwa ajili ya simba wangu mzee, maana maisha yake yote hajakanyaga nyasi za porini. Nikamwomba dada aliyeletwa kwa kazi hiyo ya kompyuta amuweke mbuga ya Saadani, kule kweupe, atembee mpaka achoke mwenyewe.

Tatizo, simba alikuwa hainuki tena. Miguu ya nyuma imekufa. Dada akauliza nani anaujua mwendo wake. Nani tena? Wakanivalisha nguo ya kubana yenye vidude vya kunasa mwendo, nikatembea kwa miguu minne pale uani, kitambi kinaburuza mchanga. Mke wangu alipita na ndoo, akasema nikiulizwa nimeoa wapi, nisiseme.

Simba alikufa wiki ileile. Tulimzika nyuma ya banda. Nilijikuta nimekunjua mikono nimwombee dua, nikajifanya najipangusa jasho.

Kazi ilipokamilika nikavaa miwani. Saadani yote ile, nyasi mpaka baharini, na simba wangu kanona, manyoya mapya. Akatembea hatua nane, akageuka. Hatua nane, akageuka.

"Mjomba, mbona anageukia pale?" dada akaniuliza. "Pale hakuna kitu."

"Pana nondo," nikamwambia.

Banda letu lilikuwa hatua zake nane, ukuta mpaka nondo. Simba mwingine mimi sijawahi kumwona. Mtaalamu.

Nikavua miwani nikamwambia hapana, huyu asibaki hivi. Akasema inarekebishika, nirudie tu, nipitilize. Nikavaa ile nguo tena, nikainama. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka nane, nikasimama, viganja mchangani.

Dada akanisubiri.

Ya tisa nilikuwa siijui.