Mfifio Uliofutwa

Kazini walimwita Mama Kwani, maana hakuna jambo alilolipokea bila kuanza na "kwani". Alikuwa mkaguzi wa takwimu katika idara ya nyota ya chuo kikuu, chumba cha ghorofa ya tatu chenye feni inayolia na madirisha yasiyofunga vizuri.

Mwaka ule idara nzima ilikuwa inashughulikia nyota kibete nyeupe, yaani kiini kinachobaki nyota ikishamaliza moto wake: ukubwa wake kama wa dunia, uzito wake unakaribia wa jua. Moja ilikuwa ikififia kidogo kila baada ya saa nne na nusu. Profesa alisema ni kipande cha sayari iliyovunjika, kinapita mbele yake.

"Kwani kinapita kwa saa kama treni?" akauliza Mama Kwani. "Hata dakika moja hakikosei?"

Profesa akacheka. Mama Kwani hakucheka. Mchoro wa mififio ile ulinyooka mno, na aliyeuchora, kijana waliyemwita Mwanahesabu, siku hizi alifunga droo yake kwa ufunguo na kuzima kioo cha kompyuta kila mara mtu alipoingia.

Nyumbani mumewe alimwambia, "Wewe hata chumvi unaihoji. Mwache mtoto wa watu."

Hakumwacha. Aliomba takwimu ghafi kutoka kwenye darubini, zile ambazo hazijasafishwa, akazipitia siku sita, mstari kwa mstari, mpaka macho yakamwasha. Siku ya saba akakutana nao: mfifio uliokuja dakika kumi na moja kabla ya wakati wake. Kwenye mchoro wa Profesa haukuwapo.

Akamfuata Mwanahesabu mezani. "Mdogo wangu, huu umekwenda wapi?"

Kijana akautazama. "Niliufuta, dada. Nilidhani ni wingu. Ulikuwa unaniharibia mstari."

"Ulidhani, au uliangalia?"

Kijana akaitupia droo jicho.

"Na kwenye droo kuna nini?"

Akaifungua. Ndani mlikuwa na barua za kuomba kazi kwingine, basi. Mama Kwani aliona aibu, lakini hakuomba radhi siku ile.

Waliporudi kwenye takwimu wote watatu, pamoja na Profesa, walipata mififio mingine minne kama ule, nayo ilikuwa na mwendo wake yenyewe. Vipande vilikuwa viwili, si kimoja. Makala ikachelewa miezi mitano, ikatoka ikiwa na jina la Mama Kwani katikati ya mengine. Mwanahesabu alihamia chuo kingine. Waliagana kwa mkono, bila maneno mengi.

Baadaye watafiti wa mbali waliandika kwamba nao wameviona vipande vyote viwili. Idara ikashangilia, keki ikakatwa. Mama Kwani alikula kipande chake, akafuta vidole, akaketi kuwaandikia watafiti wale barua: tafadhali, tutumieni takwimu zenu kabla hazijasafishwa.